Istilahi za Kiingereza na Watoto wa Juzuu Amma



Kikao cha kamati ya msikiti wetu hapa Mbuba, wilayani Ngara, kilichokaa miezi miwili iliyopita, kilikuwa na ajenda tano. Kwa desturi ajenda ya mwisho, yaani mengineyo, huchukua dakika kumi kabla ya dua. Safari hii ilichukua muda mrefu kuliko zile nne za mwanzo zikijumlishwa, likiwemo suala la mabati ya upande wa kina mama na deni la saruji lililotusumbua tangu masika. Kilicholeta mjadala ni barua ya wazazi kadhaa walioomba madrasa itenge saa moja na nusu kila Jumamosi, baada ya swala ya Alasiri, ili watoto walioko sekondari wafundishwe Kiingereza, na hasa kile ambacho barua ilikiita "yale maneno magumu ya fasihi". Mimi ndiye katibu. Mimi ndiye niliyeisoma barua, na mimi ndiye niliyeandika yaliyosemwa. Wajumbe waligawanyika, na baadhi ya sauti zilipanda hata imamu akalazimika kutukumbusha tulipo.

Katika daftari la kumbukumbu mjadala ule umechukua mistari saba tu. Yaliyobaki kifuani mwangu ni mengi zaidi, nayo ndiyo ninayoyaleta katika kurasa hizi za familia, kwa kuwa sidhani kwamba jambo hili ni la Mbuba peke yake.

Msomaji aliye mbali na huku aielewe kwanza hali ya mtoto wetu. Nyumbani anazungumza Kihangaza au Kishubi. Akiingia shule ya msingi anakutana na Kiswahili, ambacho tangu 1967 ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali. Jioni anakuja madrasa na kukaa na herufi za Kiarabu. Kisha, akiwa na miaka kumi na minne hivi, anaingia kidato cha kwanza, na ghafla biolojia, jiografia na historia vyote vinasemwa kwa Kiingereza, lugha ambayo hadi hapo ilikuwa somo moja tu miongoni mwa masomo. Hiyo ni lugha ya nne. Wengi wetu tulio watu wazima tungeelemewa. Yeye tunamtaka aimudu, tena akirudi asaidie kuchuma kahawa.

Mjumbe anayewawakilisha kina mama alisema neno ambalo sikuliandika, kwa sababu halikuwa hoja wala pendekezo. Alisema mwanawe alikuwa msemaji, mtoto wa kuuliza maswali hata taa zikishazimwa. Tangu aingie sekondari amekuwa kimya. Halii, hagombani na mtu, kazi zake anafanya. Amenyamaza tu. "Nilipeleka mtoto mwenye ulimi," alisema, "nimerudishiwa asiye na ulimi."

Nilimwelewa, maana ninaye wa kwangu. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, yuko kidato cha tatu na anasoma fasihi ya Kiingereza. Jioni moja kabla ya kikao kile alinijia na daftari lenye orodha aliyoinakili ubaoni: maneno arobaini na mawili, "simile", "metaphor", "personification", "irony", "hyperbole" na wenzao, kila moja na maana yake kwa Kiingereza kilekile. Alikuwa na mtihani wiki iliyofuata. Nikamwuliza "personification" ni nini. Akaikariri fasili yake neno kwa neno, macho juu, kwa mahadhi yaleyale anayosomea sura zake. Nikamwomba anipe mfano mmoja wa kwake mwenyewe. Akanitazama.

"Mjomba, mfano hatukuandikiwa."

Nikamwambia anisomee Suratut-Takwir. "Hiyo si ya madrasa, Mjomba?" Nikamwambia asome tu. Akasoma kwa tajwidi nzuri mpaka aya ya kumi na nane, ambamo Mwenyezi Mungu anaapa kwa asubuhi inapopumua. Nikamsimamisha hapo. Nikamwuliza kama asubuhi ina mapafu. Akacheka. Ina pua? Akazidi kucheka. Basi kinachopumua ni nini? Alikaa kidogo, kisha akasema polepole kwamba mwanga unapoanza kutoka na giza likalegea, ni kama mtu anayeshusha pumzi baada ya kubanwa usiku kucha. Nikamwambia kwamba hicho alichokisema sasa hivi ndicho kilichomo ndani ya neno refu aliloandikiwa ubaoni. Waswahili hukiita tashihisi, na yeye anacho kifuani tangu alipoihifadhi sura hiyo akiwa na miaka tisa.

Tukaendelea. Katika Suratul-Qaria watu wanafananishwa na nondo waliotawanyika, na milima inafananishwa na sufi iliyochambuliwa. Katika Suratul-Fil jeshi lenye ndovu linaishia kufanana na majani yaliyokwisha kuliwa. Akahesabu kwa vidole: tashbihi tatu, yaani "simile" tatu, zote katika juzuu moja aliyoimaliza kabla ya kuingia darasa la tano. Halafu akaniuliza swali ambalo hakuwahi kuniuliza tangu aanze sekondari: kwa nini sufi, na kwa nini iliyochambuliwa? Kwa nini isiwe pamba tu? Tukazungumza juu ya milima yetu hii ya Ngara, mizito, iliyotulia mahali pake tangu babu zetu, na juu ya kitu chepesi kinachopeperushwa na pumzi ya mtoto. Akanyamaza, lakini unyamavu ule haukuwa wa mtu aliyeshindwa.

Nilipokuwa chuoni tulisoma balagha kwa miaka miwili, na matawi yake matatu: maani, bayani na badii. Wenzangu wengi waliiona kuwa elimu ya kupita tu ili kufika kwenye fiqhi. Mimi niliipenda. Nilipenda kujua kwamba Ibn al-Mu'tazz, mshairi aliyekuwa khalifa kwa siku moja tu kabla ya kuuawa mwaka 296 Hijria, alikuwa ameshakaa na kuziandikia kitabu pambo za maneno. Nilimpenda zaidi Abdul-Qahir al-Jurjani, aliyefariki mwaka 471 Hijria, sawa na 1078 Miladia, na kitabu chake Asrar al-Balagha, ambamo anachunguza kwa nini mfano mmoja unaitikisa nafsi na mwingine unapita kama upepo. Wakati huo Kiingereza chenyewe kilikuwa lugha ambayo Mwingereza wa leo hawezi kuisoma bila kufundishwa.

Na Waswahili walipotafuta majina ya kuiita sanaa ya maneno, walichota kwa wingi kutoka kisima hichohicho. Tashbihi, sitiari, tashihisi, mubalagha, takriri, taswira: mwanafunzi wa madrasa anayasikia katika kipindi cha Kiswahili bila kuambiwa kwamba ni jamaa zake. Hata neno fasihi limetoka kwenye ufasaha wa Kiarabu. Nathari ni hivyohivyo, na beti, na mizani. Mpwa wangu alipata kuchanganyikiwa shuleni mwalimu aliposema riwaya ni hadithi ndefu ya kubuni, kwa kuwa yeye alijua riwaya ya Hafs kutoka kwa Asim, ambayo ndiyo tunayosomea Qur'ani. Hakuna kilichokosewa. Mzizi ni mmoja, wa kupokea na kusimulia, na kila upande ukachukua wake.

Neno linalonifurahisha kuliko yote ni sitiari. Kwa Kiarabu ni istiara, nalo linatokana na kuazima. Mtoto aliyesoma mlango wa ariya katika fiqhi anajua kwamba kitu cha kuazima hakiwi chako. Unakitumia kwa haja yako na mwenyewe anabaki mwenyewe. Ndivyo neno linavyoazimwa. Ukisema fulani ni simba, umeazima jina la mnyama kwa ajili ya haja moja, ushujaa, na mkia umeuacha porini. "Metaphor" ya Kiingereza imetoka Kigiriki na maana yake ya asili ni kuhamisha, kubeba kitu kutoka hapa kukipeleka pale. Wagiriki waliona mzigo unaobebwa; Waarabu waliona jirani anayebisha hodi kuazima. Mpwa wangu alisema ya Waarabu ni rahisi kuikumbuka kwa sababu kwao chungu kikubwa hakijawahi kulala nyumbani.

Hapa ni lazima niweke tahadhari mbili, maana nimeona walimu wa madrasa wenye pupa. Ya kwanza ni kwamba majina hayalingani sawasawa kama sahani za seti moja. Kinaya katika balagha ni kusema kitu kwa kukizunguka, kutaja kiambatani chake ukiwa umekikusudia chenyewe, kama Waarabu walivyosema mtu ana majivu mengi wakikusudia ukarimu wake, kwa kuwa jiko la mkarimu halizimwi. Katika Kiswahili cha shule neno hilohilo limehamia kwenye kile Waingereza wanachokiita "irony", yaani kusema kinyume cha unachokusudia. Mtoto akichanganya haya mawili katika mtihani ataandika majibu mazuri ya swali asiloulizwa. Ya pili ni nzito zaidi. Wanazuoni wamekhitalifiana iwapo inafaa kusema kuna majazi ndani ya Qur'ani. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 728 Hijria, ni miongoni mwa waliokataa kabisa mgawanyo huo. Na hata wanaokubali hawasemi kwamba Qur'ani ni diwani ya ushairi. Tunawaonyesha watoto kwamba masikio yao yamekwisha kuzoea usemi wa hali ya juu. Hatukishushi Kitabu kuwa zana ya kufaulia mtihani.

Wengine waliniuliza kuhusu msamiati wenyewe, yale maneno ya Kiingereza ambayo si istilahi bali ni mazito tu. Kwa hayo niliwaandikia watoto ubaoni orodha ndogo. Musimu wetu, ambao ni mawsim ya Kiarabu, mabaharia wa Ulaya waliuchukua mpaka ukawa "monsoon". Qahwa ya Yemen ikapita kwa Waturuki ikafika Uingereza ikiwa "coffee", na mtoto wa Mbuba ambaye ada yake imetoka kwenye kahawa anastahili kulijua hilo. Jina la al-Khwarizmi limegeuka "algorithm", na kitabu chake cha hesabu kimezaa "algebra". Ghala za Waarabu, makhazin, zimekuwa "magazine". Na safari, ambayo tuliipokea kutoka Kiarabu, Waingereza waliipokea kutoka kwetu, Waswahili, wala hawakubadili herufi hata moja. Kijana mmoja alisema, "Kumbe na wao wanaazima!" Hilo lilimtoa woga zaidi ya kanuni kumi za sarufi.

Lakini kuna ugonjwa mwingine ambao sipendi tuulee. Mwaka jana kijana mmoja, jina lake nalihifadhi, aliiandikia kamati barua ya kuomba kazi ya muda ya kufundisha madrasa. Aliiandika kwa Kiingereza, Mungu amsamehe, kwa kamati ambayo wajumbe wake watano hawakijui. Kila sentensi ilikuwa na neno lililonilazimu kufungua kamusi, na mawili sikuyapata kabisa. Wazee walinisikiliza nikiifasiri, kisha mmoja akauliza kwa upole kama huyu bwana anaomba kazi au anatudai.

Wanazuoni wa balagha waliliona hili zamani. Waliposhurutisha ufasaha wa neno, mojawapo ya kasoro walizozitaja ni gharaba, ugeni: neno kuwa geni kiasi kwamba msikilizaji haelewi mpaka akalichimbue. Mfano wao ni kisa kinachosimuliwa juu ya Isa bin Umar, mwanasarufi wa Basra, aliyeanguka kutoka kwenye punda wake. Watu wakamzunguka kwa huruma. Yeye, akiwa vumbini, akawauliza kwa maneno adimu kabisa ya jangwani kwa nini wamemkusanyikia kama wanaomzunguka mwenye wazimu, akawataka watawanyike. Hakuna aliyemwelewa. Na balagha yenyewe waliifasili kuwa ni maneno kuafikiana na hali inayohitaji. Kwa mizani hiyo, Kiingereza cha juu ni kile kinachomfikia aliyekusudiwa, hata kama maneno yake yote ni ya darasa la sita. Mpwa wangu alipotaka kutunga sentensi yake alitazama nje ya dirisha akasema mlima umejifunika ukungu kama mama aliyejitanda kanga. Ndani yake mna tashihisi na tashbihi. Alipoigeuza kwa Kiingereza hakuhitaji neno lolote jipya isipokuwa "mist".

Sasa nirudi kwenye wale waliopinga, kwa sababu haki yao isipotajwa nitakuwa nimewadhulumu. Mzee mmoja, miongoni mwa waliobeba mawe ya msingi wa msikiti huu mabegani mwao, alisema saa za madrasa tayari ni chache, na Jumamosi ikimegwa, kitakachomegwa kwanza ni Qur'ani. Mjumbe kijana akamjibu kwa kisa cha Zayd bin Thabit (R.A.), ambaye Mtume (S.A.W.) alimwamuru ajifunze maandishi ya Mayahudi, naye akajifunza katika siku zisizofika ishirini. Ni hoja tunayoipenda sana, na mara nyingi hufunga mjadala. Mzee hakufungika. Alisema, "Zayd alijifunza ili amtumikie Mtume. Hawa wanajifunza ili waondoke Mbuba."

Hakuna aliyecheka. Hata mimi, mwenye kuunga mkono ombi la wazazi, niliiweka kalamu chini.

Nimelifikiri neno lake wiki nyingi. Ni kweli kwamba wataondoka wengi. Lakini vijana wetu wanaondoka hata bila Kiingereza. Wanaifuata barabara ya Biharamulo, wanakwenda kuchimba dhahabu, kuendesha bodaboda, kupakia malori. Tofauti ni kwamba wanaondoka na ule ukimya alioueleza yule mama. Na aliyeondoka na ulimi wake anaweza kurudisha kitu. Shaaban Robert alimfahamu Omar Khayyam, Mwajemi na Mwislamu, kwa kupitia Kiingereza cha Edward FitzGerald kilichochapishwa mwaka 1859, kisha akatuletea kwa Kiswahili. Abdulrazak Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akasoma chuoni kama watoto wengine wa pale, akaondoka akiwa kijana baada ya mapinduzi, na mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi kwa vitabu alivyoviandika kwa Kiingereza. Katika riwaya yake Paradise ya mwaka 1994, mtoto anayechukuliwa kwa ajili ya deni la baba yake anaitwa Yusuf, na aliyeisoma Surat Yusuf ataisikia ndani yake tangu mwanzo. Leo kitabu hicho kinasomeka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Sisemi kila kilichomo humo kinanipendeza. Nasema kwamba msomaji wa Kiingereza huko London anahitaji kufundishwa jambo ambalo mtoto wa Mbuba analo tayari, na mtoto wa Mbuba hajui kwamba analo.

Kuhusu saa za Qur'ani mzee alikuwa na haki, na kamati ilimsikiliza. Tuliafikiana kwamba darasa liwe baada ya muda wa kawaida wa madrasa wala si ndani yake, limalizike kabla ya Maghrib, lijaribiwe kwa miezi mitatu, na kila somo lianze kwa sura itakayosomwa na kuelezwa kabla ya neno lolote la Kiingereza kuandikwa ubaoni. Mwalimu wa sekondari anayeswali nasi amejitolea bila malipo. Mimi nashika nusu saa ya kwanza.

Tumeshakutana Jumamosi nne. Walianza kumi na wanane, sasa ni ishirini na sita, na wasichana ni wengi kuliko wavulana. Mpwa wangu alipata alama kumi na mbili kati ya ishirini katika ule mtihani. Safari iliyotangulia alipata tano. Mzee wetu huja, hukaa karibu na mlango na tasbihi yake, hasemi kitu. Wiki iliyopita alimkosoa msomaji mmoja aliyevuta madda isivyostahili. Yule mtoto aliyenyamaza alikuja Jumamosi ya pili. Ya tatu aliandika sentensi moja, akaikunja karatasi, akampa mwenzake amsomee. Ya nne hakuandika, ila alibaki kufuta ubao wenzake wakichukua udhu, na nilimwona akitembeza mdomo akiyasoma maneno kabla ya kuyafuta.

Tuna ubao mmoja, nusu boksi la chaki, na kamusi moja ya Kiingereza na Kiswahili ambayo kurasa za herufi ya mwanzo zimechanika. Mwenye nakala iliyotumika asiyeihitaji tena, hata kama jalada limetoka, na amtafute katibu wa kamati hapa Mbuba baada ya swala ya Ijumaa.

Wabillahi tawfiq.